Mbona leo bei hivi? Maswali ya Feri kuhusu samaki wetu na soko la dunia

Ukifika soko la samaki Feri, Dar es Salaam, kabla jua halijachomoza, utasikia swali moja likirushwa kutoka kila upande: mbona leo bei hivi? Anauliza mama lishe wa Tandika mwenye ndoo mbili, anauliza mpishi wa hoteli, anauliza kijana aliyetumwa vibua na mama yake. Dalali hana nafasi ya kujibu, mnada unakwenda mbio. Nimekaa miaka kati ya mnada huo na watu wanaosafirisha samaki nje, na maswali yanayonirudia nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake. Mengine yana jibu refu, mengine mistari miwili inatosha.

Bahari imetulia, vyombo vinarudi vimejaa. Kwa nini pweza anapanda bei?

Kwa sababu bei ya pweza haipangwi Feri. Pweza wengi wanaokusanywa Mafia, Songosongo, Kilwa na Mtwara wanasafishwa, wanagandishwa na kupakiwa kwenye makontena ya baridi kwenda Italia, Hispania na Ureno. Huko wanakutana na pweza wa Morocco na Mauritania, ambao ndio walioshika soko hilo. Morocco hufunga uvuvi wa pweza kwa vipindi kila mwaka ili wapate kuzaliana. Ikichelewa kufungua, au ikifungua na kukuta pweza wachache, wanunuzi wa Ulaya wanaanza kupiga simu kwingine. Simu hizo zinafika kwa kampuni zinazonunua ufukweni kwetu, kampuni zinamwambia wakala, na wakala anaongeza bei kidogo ili jirani yake asimwahi.

Mama anayechokoa pweza mwambani Jibondo, Mafia, wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mno, huenda hajawahi kusikia jina la Dakhla, bandari ya pweza ya Sahara Magharibi, eneo linaloshikiliwa na Morocco. Lakini ile noti anayolipwa mchana ina habari za Dakhla ndani yake. Mnyonge wa biashara hii ni yule asiyejua kwamba bei imepanda huko. Wakala anajua, yeye hajui, na pengo lililo kati yao linabaki mfukoni mwa wakala. Nimeona kisiwa kizima kikiuza kwa bei ya mwezi uliopita kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Kuna jambo la pili, nalo ni ukubwa. Pweza mkubwa analipwa zaidi kwa kila kilo kuliko mdogo, na kanuni zetu haziruhusu kuvua aliye chini ya nusu kilo. Pweza hukua upesi mno, na maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo. Ndiyo maana vijiji vinavyofunga mwamba kwa miezi michache huvuna pweza wazito siku ya kufungua. Utaratibu huo ulianza kupata sifa katika ukanda wetu kutokea Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004, na kwetu umefanyika Songosongo na Pemba. Kama kijiji kinaweza kuchagua siku ya kufungua, nakisihi kiulize kwanza bei ya nje iko wapi.

Samaki gani wanafuata bei ya dunia, na wepi wanafuata upepo wetu?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mnunuzi wa Feri alijue jibu lake.

Vibua, changu, tasi, kolekole, dagaa mchele: hawa ni wa upepo na mwezi. Kusi ikivuma, hasa Juni na Julai, ngalawa na mashua ndogo zinakaa pwani na bei inapaa. Dagaa na vibua wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali samaki hawakusanyiki kwenye mwanga na wavuvi wengi wanalala. Giza likirudi, ndoo zinajaa. Mama lishe mwenye kalenda ya mwezi jikoni kwake anaokoa fedha kuliko mwenye kubembeleza dalali.

Pweza, ngisi, kambamiti, kambakochi, kaa wa matope na sangara wa Mwanza ni wa dunia. Hao unaweza kuwakuta ghali siku ambayo bahari ni shwari, au rahisi katikati ya kusi.

Jodari na nguru wako katikati. Wana soko nje, ila walaji wa mjini na mahoteli yetu wananunua wengi, hivyo pande zote mbili zinavutana.

Juu ya makundi yote kuna dizeli, petroli na barafu, na hizo hazichagui samaki. Mwaka 2022 mafuta yalipopanda duniani baada ya vita vya Ukraine kuanza, hata kibua ambaye hajawahi kupanda meli alipanda bei.

Dunia inazalisha samaki kiasi gani? Si walikuwa wanaisha?

Kwa hesabu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 223.2 za mazao ya majini. Kati ya hizo, tani milioni 185.4 ni wanyama wa majini na zilizobaki, milioni 37.8, ni mwani na jamii yake. Mwaka huo lilitokea jambo ambalo halijawahi kutokea: wanyama wa majini waliofugwa waliwapita waliovuliwa, tani milioni 94.4, sawa na asilimia 51.

Uvuvi wenyewe haujakua tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Unapanda na kushuka hapo hapo, karibu tani milioni 90 kwa mwaka, ingawa vyombo vimekuwa na nguvu zaidi na mitambo ya kutafuta samaki imekuwa na macho makali. FAO inasema mwaka 2021 asilimia 37.7 ya akiba za samaki wa baharini zilikuwa zinavuliwa kupita uwezo wake wa kujirudishia. Kwa hiyo ndiyo, baadhi ya samaki wanaisha, na dunia inaziba pengo kwa mabwawa na vizimba.

Kama uvuvi umesimama, nani anaongeza hamu ya kula?

Watu wameongezeka, na kila mmoja anakula zaidi. Mwaka 1961 wastani wa dunia ulikuwa kilo 9.1 kwa mtu kwa mwaka, mwaka 2021 ukafika kilo 20.7. Afrika tuko chini ya nusu ya wastani huo wa sasa. Sisi wenye pwani ndefu na maziwa makubwa tunakula samaki wachache kuliko dunia, na sioni namna ya kulisema hilo bila uchungu.

Fedha zinazozunguka ni nyingi: biashara ya kimataifa ya mazao haya ilifikia dola bilioni 195 hivi mwaka 2022. China ndiyo muuzaji wa kwanza, ikifuatiwa na Norway na Vietnam. Wanunuzi wakubwa ni Umoja wa Ulaya, Marekani, China yenyewe na Japani. China iko pande zote mbili, inauza na inanunua, na ndiyo maana ikipiga chafya wauza kaa wa matope wa Rufiji wanajifunika shuka. Mwanzoni mwa 2020, korona ilipofunga migahawa ya China na ndege zikasimama, kaa na kambakochi hai walikosa pa kwenda. Samaki aliyegandishwa anaweza kusubiri. Kaa aliye hai hasubiri.

Kamba wetu wa baharini ni watamu kuliko wa kufugwa. Kwa nini bei yao iliporomoka?

Kwa sababu ya Ecuador, nchi ambayo wavuvi wetu wengi wasingeweza kuionyesha kwenye ramani. Wafugaji wa kule wamepanua mabwawa mwaka baada ya mwaka hadi kuuza nje zaidi ya tani milioni moja za kamba mwaka 2022, wengi wakienda China. India na Vietnam nazo zilikuwa zinazalisha. Kisha hamu ya wanunuzi ikapoa, maghala yakajaa, na bei ikashuka mwaka 2022 na 2023.

Kambamiti wa delta ya Rufiji ni mkubwa, ni wa porini, na mpishi anayemjua hamwachi. Lakini mnunuzi wa jumla anaangalia kontena zima. Akiona wa bwawani anapatikana kwa bei ya chini, kwa ukubwa mmoja, wiki zote za mwaka, anamwambia wa Rufiji apunguze. Hapo ladha inasaidia kidogo tu.

Mwaka 2025 Marekani iliweka ushuru mzito kwa bidhaa za India, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwauzia Wamarekani kamba wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Ushuru kama huo haumalizi kamba, unawageuzia njia: waliokuwa waende Marekani wanatafuta meza nyingine, na ukiuza Ulaya unakutana nao hapo. Muuzaji wa Dar anayesema siasa za Washington hazimhusu hajaangalia vizuri.

Sangara wa Mwanza wanahusianaje na sisi wa pwani?

Wanahusiana kuliko inavyoonekana. Zaidi ya nusu ya samaki wanaovuliwa Tanzania hutoka Ziwa Victoria, na sangara ndiye aliyeifungulia nchi mlango wa Ulaya. Minofu inakatwa viwandani, inapozwa au kugandishwa, inasafiri. Kwa kuwa Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni, minofu hiyo inaingia Ulaya bila ushuru. Kinachozuia ni usafi na karatasi: cheti cha afya, na kwa samaki wa baharini, tangu 2010, hati inayoonyesha alivuliwa na nani na wapi.

Wenye umri wangu wanakumbuka ukali wa mlango huo. Kati ya 1997 na 2000 samaki wa Ziwa Victoria walizuiwa Ulaya kwa awamu: kwanza kwa vimelea vya salmonela, kisha kwa hofu ya kipindupindu, kisha mwaka 1999 kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilisimama, na bei ufukweni ikaanguka siku hiyo hiyo. Wachache walitia sumu, maelfu wakalipa. Ninalitaja kila mara kijana anaponiambia kwamba karatasi za ubora ni usumbufu wa ofisini.

Ushindani nao ulikuja. Vietnam ilianza kumwaga Ulaya minofu myeupe ya pangasi wa kufugwa, kwa bei ambayo sangara wa porini hawezi kuifikia, na sangara akasogezwa pembeni. Kilichowaokoa wengi ni bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara. Mabondo makavu yanauzwa Hong Kong na China, na kilo yake ina thamani mara nyingi ya kilo ya mnofu. Kuna sangara wanaonunuliwa kwa macho yanayotazama tumbo tu. Mlaji wa ziwani anabaki na mapanki, yaani kichwa na mgongo baada ya mnofu kuondolewa, na siku hizi hata mapanki yana bei.

Samaki wa kufugwa wataturahisishia bei?

Watasaidia, ikiwa chakula chao hakitatokana na chakula chetu. Naomba uvumilivu hapa, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Samaki wengi wa kufugwa hulishwa chakula chenye unga wa samaki, na kuku vilevile. Nchi inayoongoza kwa unga huo ni Peru, inayovua samaki wadogo aina ya anchoveta kwenye maji baridi ya pwani yake. El Niño ikija, maji yanapata joto na anchoveta wanatawanyika au kushuka chini. Mwaka 2023 Peru ilifuta msimu wake wa kwanza katika eneo la kaskazini na kati kwa sababu wavuvi walikuwa wakipata vichanga wengi mno. Bei ya unga wa samaki ikapanda dunia nzima. Mwaka uliofuata msimu ulirudi kwa kiwango cha tani milioni 2.475, soko likapumua.

Sasa tazama huku kwetu. Unga wa Peru ukiwa ghali, watengeneza chakula cha mifugo wanatafuta protini nyingine, na iliyo karibu ni dagaa wa Ziwa Victoria. Dagaa huyo anayekaushwa mchangani, mwenye michanga na harufu, anaishia kwenye mifuko ya chakula cha kuku. Yule anayeanikwa kwenye chanja, akakauka akiwa safi na anang'aa, anaenda kwa watu: Dar, Kongo, Rwanda, Burundi, kupitia soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Wote ni dagaa wa ziwa moja, ila hatima zao ni mbili.

Dagaa analiwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo anampa mtoto madini ambayo mnofu mweupe hauna. Ndiye samaki ambaye mwenye kipato kidogo anaweza kupima kwa kikombe. Tukimgeuza dagaa kuwa chakula cha kuku, kuku akaliwa na mwenye uwezo wa kununua kuku, tumemnyang'anya mtu wa kikombe. Sina ugomvi na wafugaji, wanatafuta riziki kama sisi, na soya, mashudu ya alizeti na hata funza wa inzi vinaweza kuchukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ila fedha za kujenga chanja ziwani zingekuwa mikononi mwangu, zingetoka kesho.

Serikali ikifunga ziwa, si inatuletea njaa?

Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Migebuka na dagaa wa Kigoma walipotea mezani, na familia za wavuvi ziliumia kweli. Naunga mkono kufunga, kwa sharti kwamba mwenye nyavu asiachwe miezi mitatu bila kazi mbadala. Aliyeshiba anaweza kusubiri samaki akue.

Jodari wa bahari kuu wananufaisha nani?

Maji yetu yanafika maili 200 za baharini, na ngalawa haifiki huko. Wanaofika ni meli za nje zenye leseni, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu yenye makao yake Zanzibar. Mgao wa jodari wa eneo zima unajadiliwa kwenye Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, Victoria, Shelisheli. Bei ya wale wanaotiwa makoponi inatazamwa Bangkok, kwa kuwa Thailand ndiyo inayoongoza kuuza jodari wa kopo.

Kwa muda mrefu tulipata ada ya leseni na si zaidi, kwa sababu meli haikuwa na mahali pa kushusha. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023, inakusudiwa kubadili hilo. Samaki akishushwa nchini kunakuwa na barafu ya kuuzwa, kazi ya kukata na kufungasha, na jodari wanaobaki kwa ajili yetu.

Meli za Bahari ya Shamu zimeingiaje kwenye bei ya pweza?

Mashambulizi dhidi ya meli yalipoanza huko mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi za meli zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, badala ya kupita huko. Kontena la baridi linalokaa majini siku zaidi linakula umeme zaidi na bima zaidi. Gharama hiyo hailipwi na mlaji wa Roma peke yake, sehemu yake inakatwa kwa mvuvi.

Na shilingi ikishuka dhidi ya dola?

Msafirishaji analipwa dola, kwa hiyo anapata shilingi nyingi zaidi na ana uwezo wa kuwashinda wanunuzi wa ndani mnadani. Mlaji wa Dar anaiona kama ghali ya ghafla isiyo na sababu. Upande wa pili, injini, nyavu na mafuta vinanunuliwa kwa dola, hivyo mvuvi hafurahi muda mrefu.

Samaki waliogandishwa kutoka nje ni rahisi. Ninunue?

Nunua ukiwa umefungua macho. Nairobi imezoea sato wa China kwenye maboksi, na kwa mama anayekaanga samaki wa mtaani bei yake inavutia. Soma tarehe ya kufungashwa na ya kuisha. Kisha angalia barafu. Viwandani samaki huvishwa tabaka jembamba la maji yaliyoganda ili asikauke, jambo ambalo ni halali, ila wapo wanaozidisha. Kwa mfano, ukinunua kilo kumi na tabaka hilo likawa asilimia 20, umelipia kilo mbili za maji. Pima samaki mmoja akiwa ameganda, myeyushe, mpime tena. Hesabu itakueleza.

Samoni wa migahawa ya Masaki mbona hashuki bei?

Anatoka mbali, Norway hasa, anakuja kwa ndege, na hakuna anayemfuga kwenye maji ya joto kama yetu.  Anayetafuta samaki mwema ambaye mfuko wake utammudu amtafute kolekole.

Nitajuaje bei ya dunia mimi mwenyewe?

FAO ina kitengo kiitwacho GLOBEFISH kinachotoa taarifa za bei na mwenendo wa soko bila malipo kwenye intaneti, kwa kila aina: pweza, kamba, jodari, unga wa samaki. Haziko kwa Kiswahili. Kikundi cha wavuvi au cha akina mama wa pweza kinaweza kumpa kijana mmoja aliyesoma kazi ya kufungua taarifa ya pweza kila inapotoka na kuandika mistari mitatu kwenye kundi la simu: Morocco imefungua au imefunga, bei imepanda au imeshuka, wanunuzi wanasemaje. Afanye hivyo kabla ya bamvua, wakala hajafika.